Nyumbani Mko Wangapi?

Karani wa mikataba ya nyumba hamuulizi mtu mambo yake ya ndani kavukavu. Hulaza kalamu kwanza, kisha hushusha sauti kama anayebembeleza mtoto. Haulizi, "Umeachika?" wala, "Amekufa?" Huuliza tu, "Nyumbani mko wangapi siku hizi?" Maneno matamu, wanasema, humtoa nyoka pangoni.

Mzee wa mwisho kwenye foleni, aliyemzika mkewe juzi, alikaa benchini akajibu, "Niko peke yangu, binti yangu."

Karani akailaza kalamu tena. Akatazama nyuma ya bega la mzee, akatabasamu kwa adabu.

"Samahani, baba, usinione mdaku. Na huyu mama uliyekuja naye, analala wapi?"

Mzee hakugeuka. Alisogea taratibu mpaka ukingoni mwa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.