Ng'ombe Aliyekatiza Barabara

Nikisikia harufu ya peremende hapa Kitale, narudi ndani ya pikapu yetu iliyoanguka mtaroni karibu na Kiminini. Mlango ulikuwa umekwama, mguu wa mama umebanwa, na maziwa ya kupeleka Bungoma yakinilowesha soksi. Baba alinuka pombe ya busaa. Alitafuna peremende haraka, akanitilia moja mdomoni, akaninong'oneza:

"Polisi akiuliza, mami, sema ni ng'ombe alikatiza."

Hakukuwa na ng'ombe. Polisi akainama dirishani, mama akanitazama tu, nami nikasema ng'ombe.

Pikapu iliuzwa tulipe hospitali, baba akabeba maziwa kwa baiskeli. Mpaka leo mama akiulizwa mbona anachechemea, huniangalia kwanza, halafu anajibu, "Si ni ng'ombe, bana."