Miti ya Mama Iko kwa Jirani

Diploma yangu niliipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto watatu na kipara kinachoanza, na tangu hapo hakuna mtu wa Rwambuzi, mtaa wetu wa Bunia, aliyekunywa chai karibu nami bila kufundishwa habari za hali ya hewa. Aliyeumia zaidi ni Mama, kwa sababu alikuwa analala sebuleni kwangu. Vita vilimtoa kwenye kilima chake, huko upande wa Fataki.

Risasi ziliponyamaza kidogo, alifunga godoro lake akarudi. Mwezi haujaisha, akanipigia simu: chemchemi iliyo chini ya shamba inadondoka kama pua ya mwenye mafua. Watu walipokuwa ukimbizini, miti yote ya juu yake ilikatwa ikawa makala, yaani makaa ya kupikia, na mvua nayo siku hizi inakuja inapojisikia. Maji yakikauka, alisema, atarudi sebuleni, na hatatoka tena.

Nikapakia miche ya mikuyu kwenye pikipiki, mingi hivi kwamba ng'ombe wa njia nzima walinifuata wakidhani ni chakula chao. Siku hiyo hiyo mimi na Mama tukaipanda yote juu ya chemchemi, mpaka pale shamba letu linapogusana na la jirani, mjane wa kilima cha pili; alama za kutenganisha zilipotea tangu vita. Wakati wa vita watu wa kilima chake na wa kwetu walikimbiana. Sasa tulikuwa tunasalimiana, lakini kwa mbali, kama watu wenye upele.

Asubuhi miche yote ilikuwa mlangoni kwa Mama, imeng'olewa, mizizi imefungwa vizuri kwa majani mabichi ya ndizi. Jirani alikuwa amekaa kando yake, anatungoja.

“Miti yenu iko hii,” alisema. “Niling'oa polepole, hata moja haikuvunjika.”

Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya maji, na kwamba miti inameza moshi unaoharibu mvua ya dunia nzima. Nilieleza kwa muda mrefu sana. Nadhani kuku mmoja alitaga na kuatamia.

“Moshi ni yenu ya Bunia,” alisema, “na miti ni yetu siye? Sikiliza, mutoto yangu. Huku mutu akipanda muti, anasema udongo ni wake. Weye ulisoma, hiyo haukusoma?”

Kweli, hiyo sikuisoma. Nilikuwa nimezaliwa nayo, nikaisahau.

Mama alikuwa anatazama mizizi. “Maji ikikauka,” alimwambia jirani, “siye wote tutahama tena. Mimi sirudi kwa huyu. Muke yake anapika kama anapikia wagonjwa.”

Jirani alicheka kidogo, bila kupenda.

“Basi mimi nitapanda yangu kwako,” Mama akasema, “na weye utapanda yako kwangu. Tuone nani atasema udongo ni wake.”

“Na nikikata yako nichome makala?”

“Nitakata yako. Panga iko kwako, panga iko kwangu.”

Jirani akafikiri. Kisha akachukua nusu ya miche, akaitia kwenye kikapu, akaenda kuipanda shambani kwetu. Mama akavuka kwenda kwake na nusu nyingine.

Kiangazi cha tatu nilipanda kilimani kuwatazama. Maji yalikuwa yanatoka kwa unene wa kidole gumba changu, na Bunia nzima hakuna gumba nene kama hili. Wao walikuwa wamechuchumaa chemchemini, bidoni ya maji katikati yao, wanagombana. Mbuzi wa Mama alikuwa amekula mti wa jirani, ule ulio shambani kwa Mama.

“Funga mbuzi yako, inamaliza muti yangu,” jirani alisema.

“Njoo uzungushie miiba mwenyewe. Muti si ni yako?”

Nikakohoa, nikaanza kueleza kuhusu moshi.

“Beba bidoni,” wakasema wote wawili.

Nikaibeba. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.