Kisima cha Wabwire

Watu wa mtaa wetu wa Mbotela wakisimulia habari za Wabwire huanza na kicheko, na mimi huinuka nikaondoka. Ulimi wangu ni mkali, najijua, na sitaki kugombana na majirani kila siku ya Mungu. Lakini kama ni lazima habari zake zisimuliwe, basi na zisimuliwe na mtu aliyepakana naye ukuta. Mimi ni Wavinya, Mama Mwangangi, fundi wa cherehani. Nyumba zetu za kaunsili ni chumba kimoja kimoja, na ule ukuta wa katikati haujawahi kuficha kitu.

Wabwire alitoka Funyula, upande wa Busia, akiwa kijana mwenye cheti cha darasa la saba na mashati mawili. Akamwoa Nekesa, wakampata Asenath, na maisha yake ya Nairobi akayamalizia kwenye malango ya viwanda vya Industrial Area. Pale wanaume husimama tangu alfajiri, msimamizi akatoka, akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe kule nyuma. Anayenyooshewa huingia kubeba magunia mpaka jioni. Asiyenyooshewa hurudi alikotoka na njaa yake. Hao ndio vibarua, na kila kibarua ana ndoto moja tu, kuandikwa, awe na kazi inayomngoja kesho yake.

Mara moja nusura aandikwe. Kiwanda kimoja cha sabuni kilitaka mtu wa stoo, msimamizi akamtaja yeye, akaambiwa alete cheti. Wabwire alikuwa amekiweka chini ya godoro, mahali pa heshima, kumbe paa lilikuwa limevuja mvua za Aprili. Alipokitoa, jina lake lilikuwa limeyeyuka likawa doa la buluu. Karani alikishika kwa ncha za vidole, akamwuliza, "Hiki ni cha nani?" Mpaka Wabwire akamilishe safari zake za kuomba kingine, nafasi ilikuwa imepata mwenyewe.

Tangu hapo akawa mtu wa plastiki. Kando ya Jogoo Road kulikuwa na mpiga picha aitwaye Simiyu, mwenye mashine ya laminesheni. Karatasi inawekwa katikati ya plastiki mbili, inapita kwenye moto, inatokea upande wa pili imefungwa, ngumu, inang'aa, hata ukiitosa kwenye karai la maji haidhuriki. Wabwire aliipenda mashine ile kuliko wenzake walivyopenda bia. Alipeleka picha ya harusi. Akapeleka kadi ya ubatizo ya Asenath. Akapeleka hata kadi ya kliniki ya mtoto, na siku ya chanjo nesi akakosa pa kuandika, kalamu inateleza tu. Nekesa alirudi amenuna, sisi majirani tukacheka mpaka tukashika mbavu.

"Baba Asenath," akamwambia, "si unipeleke na mimi kwa Simiyu nisizeeke?"

Wabwire alicheka na yeye, lakini hakuacha. Alisema kitunze kidumu, na mtu aliyeona jina lake likiyeyuka ningembishia nini?

Sasa nije kwenye ile kadi wanayoicheka watu. Mwaka wa tisini na tano alikuja kijana mmoja Mjerumani kujitolea, akifundisha useremala katika ukumbi wa kanisa. Zana zikishawekwa, alikuwa akitoa mkobani mchezo wa kadi. Hizi hazikuwa karata za mfalme na malkia ambazo wanaume huchezea vibandani. Zilikuwa na majoka, wachawi, majeshi ya wafu, farasi wenye mabawa, kila moja na nguvu zake zimeandikwa chini. Mchezaji hujipangia fungu lake, hulichanganya, huvuta kadi moja moja na kuzipiganisha na za mwenzake. Vijana wakauita Mazimwi. Miaka ile watu walimwona shetani kila mahali, na akina mama wa maombi walikuja kuchungulia. Walikuta watu wazima wanabishana juu ya joka la karatasi, wakaenda zao.

Wabwire aliingia ukumbini siku ambayo kidole cha msimamizi kilimpita. Aliona haya kurudi nyumbani mchana na kumkuta mke wake anafua nguo za watu. Alikuwa mkubwa kuliko wachezaji wote, vijana wakamwita Buda. Siku moja nilipeleka mapazia niliyoyashona kwa ajili ya ukumbi, nikamwona. Mgongo umenyooka, maneno machache, na wale vijana wote wamenyamaza wakingoja yeye aamue. Miaka yote nilikuwa sijamwona mtu akimngojea Wabwire. Nilifurahi, na sioni aibu kusema kwamba niliporudi nyumbani nililia kidogo.

Mjerumani alipomaliza muda wake alitandaza kadi zote mezani, akawaambia wachague kwa zamu, ziwe zao. Vijana wakarukia majoka. Wabwire akachukua kadi ambayo haikuwa na mnyama wala shujaa, ila kisima cha mawe gizani, na ukingo wake mweusi pande zote.

"Buda umeokota choo!" Kabiru akapiga kelele. Huyu Kabiru alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini, na mdomo wake haukujua kupumzika.

Lakini Wabwire alikuwa amesoma maandishi madogo. Kisima humrudishia mchezaji kadi yake iliyokwisha kufa. Wewe unamuua shujaa wake, unashangilia, yeye anamteka tena kisimani na mapigano yanaanza upya. Tangu hapo kumshinda Wabwire ikawa kazi. Kabiru aliacha kucheka, akaanza kupeleka sifa za kadi ile kila alikotumwa na bahasha.

Ndivyo zilivyomfikia Kahin. Huyo alikuwa kijana wa Eastleigh aliyelelewa Kanada, amerudi kumsaidia mjomba wake mwenye kiwanda cha unga Industrial Area. Kahin hakucheza, alikusanya. Kuna watu wa namna hiyo, wanaotaka kadi iwe ndani ya kabati lao, basi. Alifika ukumbini Ijumaa moja wakati wa zile mvua za El Niño, viatu vimejaa tope, akaomba aione. Aliishika kwa pembe, taratibu, akaigeuza mbele na nyuma.

"Mzee, unajua una nini hapa?"

"Kisima," Wabwire akajibu.

"Hii ni ya chapa ya kwanza. Walitoa chache, wakaacha. Nimeitafuta huko Kanada nikaikosa. Sema unataka nini."

Kabiru alikuwa akimkonyeza ataje pesa, tena nyingi. Wabwire akamtazama Kahin usoni, akasema, "Niandike kazi."

Kahin alifikiri kidogo. Mtu wa stoo alikuwa ameacha kazi, na mjomba hakuwa mgumu kwake. "Sawa," akasema. "Jumatatu njoo nayo kiwandani. Lakini itunze, Mzee. Isipate maji, isikunjwe, isikwaruzwe."

"Usiwe na wasiwasi," Wabwire akamwambia. "Kwa kutunza, umempata mtu."

Mvua ile iliendelea kunyesha. Upande wangu niliweka sufuria mbili chini ya paa, na kutoka upande wake nilisikia matone yakigonga karai. Mtu aliyewahi kupoteza kazi kwa tone la maji sasa alikuwa na kazi nyingine mfukoni, ya karatasi vilevile, na maji juu ya kichwa chake. Jumamosi akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka ndani ya shati, akaenda kwa Simiyu. Simiyu alitumia plastiki yake nene kuliko zote, na aliposikia ni ya kazi akakataa malipo. Wabwire alirudi akituonyesha. Ilikuwa inang'aa kweli. Nekesa aliifuta kwa upindo wa leso, tukaisifu wote, maana kwetu sisi kitu cha thamani ndivyo kinavyotunzwa.

Jumapili Nekesa aliimba tangu asubuhi. Jirani mmoja mwenye kijicho akasema maskini akipata matako hulia mbwata, nami nikamjibu vizuri, maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimkunjia Wabwire suruali ya kuazima, nikampigia pasi ya makaa. Asenath alitaka kujua kama baba atakuwa akirudi na unga.

"Mwingi," akamwambia.

Yaliyotokea Jumatatu alitueleza kidogo kidogo, leo hili, wiki ijayo lile, na mimi nimeyaunganisha. Alipita wenzake wamesimama langoni, akawaamkia, akaendelea. Huko kwenye kiwanda cha unga alikaribishwa ndani, akapewa kiti. Alitoa kadi, akaiweka juu ya meza kwa mikono miwili kama apaswavyo mtu kumpa mgeni kitu.

Kahin aliitazama. Hakuigusa kwanza. Halafu akaiinua, akapitisha kidole ukingoni mahali plastiki mbili zilipoungana.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi," Wabwire akasema. Na hapa ndipo moyo wangu huuma kila nikikumbuka, kwa sababu alisema kwa fahari. Alidhani anakaribia kushukuriwa. "Hata mvua hii ikinyesha mwaka mzima, haiingii."

"Mzee," Kahin akasema, akairudisha mezani. Halafu akamweleza. Watu wanaozitafuta kadi hizi wanazitaka jinsi zilivyotoka kwenye pakiti. Moto umeyeyusha gundi juu ya picha. Plastiki ikivutwa, rangi inafuata. Kadi kama hii hakuna anayeitaka, si Kanada, si popote.

"Lakini ni ileile. Iko humo ndani, unaiona."

"Naiona," Kahin akasema.

Alikuwa kijana mpole, Wabwire mwenyewe anamtetea mpaka leo. Alimwagizia chai. Alimsindikiza mpaka nje. Alimwambia arudi mwezi ujao waone. Wabwire alikuwa ameambiwa arudi mwezi ujao na wasimamizi wa kila aina, kwa hiyo alielewa. Mimi ndiye sikuelewa. Nilimwuliza, na stoo? Stoo haikuhitaji mtu? Magunia ya unga yanahesabiwa kwa macho, na macho yako si yaleyale ya Ijumaa? Nilipiga kelele mpaka Nekesa akaniomba nipunguze sauti.

"Kazi ilikuwa ya kadi, Mama Mwangangi," akanijibu. "Haikuwa yangu."

Nilitaka kwenda kwa huyo Kahin nimpashe. Nekesa akanishika mkono. Maji yakishamwagika hayazoleki, akasema, na mimi nikakaa chini kwa hasira zangu.

Wiki hiyohiyo, siku ambayo hakuchaguliwa, Wabwire alikwenda ukumbini kucheza. Kwamba kadi haina bei tena halikumsumbua huko, kwake ilikuwa bado ni Kisima. Aliichomeka kwenye fungu lake, akalichanganya. Fungu halikukaa sawa. Lile gamba la plastiki lilizidi kadi nyingine kwa unene na kwa upana, likatokeza. Kabiru, ambaye siku zote humtania, siku hiyo alizungumza kwa sauti ya chini.

"Buda, hiyo haiwezi ingia. Hata ikilala kifudifudi, kila mtu anaona iko wapi. Wasee tunaocheza nao watasema unacheza rafu."

Sheria ilikuwa kweli sheria. Kwa mgongo, kadi zote lazima zifanane, vinginevyo mwenyewe anajua atakachovuta. Wabwire aliitoa. Akacheza bila Kisima, akashindwa, akacheza tena, akashindwa. Wale vijana hawakumcheka. Mmoja hata alimwachia ashinde, na Wabwire akatambua. Hakurudi tena.

Kuanzia hapo asipochaguliwa hurudi nyumbani saa za mchana, akaketi kwenye kizingiti. Nekesa anafua, yeye anatazama barabara. Hawasemezani sana. Mimi kwenye cherehani yangu naona mgongo wake tu, na umepinda.

Juzi nilisikia kitu kikikwaruza, mkwaruzo mdogo, wa muda mrefu. Nikatoka. Wabwire alikuwa na wembe, anapasua ukingo wa plastiki polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kwa makini aliyokuwa nayo.

"Unataka kumrudishia Kahin?" nikamwuliza.

"Hapana. Ya kazi nimeyaacha. Nataka tu wanikubali nicheze."

Niliketi karibu naye. Alipata upenyo, akaweka wembe chini, akaanza kuvuta plastiki kwa vidole viwili. Ilikuja vizuri mwanzoni, ukingo mweusi wote ukabaki mahali pake, akaniangalia akatabasamu. Halafu ikatoa sauti ya kitambaa kinachochanika. Mkono mmoja ulibaki na plastiki, kisima kizima kimeganda juu yake. Mwingine ulibaki na kipande cha karatasi nyeupe chenye nyuzinyuzi kama manyoya.

Akajaribu kuviweka pamoja, kona kwa kona.

"Mama Mwangangi," akasema, "una gundi?"

Nilijua gundi haitasaidia kitu. Nikaingia ndani, nikamletea.