Mwanaume Asiyejibu

Fundi cherehani ndiye aliyeianzisha habari. Alikuwa na pini tatu mdomoni, lakini maneno yalipata pa kupitia.

"Mama Donge, wewe na Mwalimu mnatenganishwa na ukuta tu, kwa hiyo usinifiche. Yule dada amemficha mwanaume mle chumbani. Tena wa ng'ambo. Kila saa kumi jioni anamgombeza kwa lugha ya huko, na mwanaume mwenyewe hata kukohoa hakohoi."

"Labda amechoka," alisema Mama Donge.

"Hata mimi ningechoka."

Mama Donge akachukua suruali ya mumewe iliyokuja kutiwa zipu, akamweka vizuri mgongoni Donge wake, mtoto wa miezi minane mwenye mashavu yaliyompatia jina, akaenda zake. Mwanaume huyo Mama Donge alimjua. Alikuwa kitabu.

Mwalimu alifundisha Kihispania katika shule ya kanisa iliyokuwa mwisho wa mtaa, watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Zamani alifundisha ushonaji. Siku moja mkuu wa shule alisikia kwamba shule ya jirani imeanzisha Kifaransa, akakosa usingizi, na asubuhi akamwita ofisini, akampa kitabu kilichosahauliwa na msafiri katika chumba cha wageni.

"Mkuu, mimi Kihispania sikijui."

"Na wao hawakijui. Mtaanza sawa."

Kitabu kilikuwa cha wageni wa hoteli. Ndani yake mlikuwa na maneno ya mgeni peke yake, maana yake kwa Kiswahili, na jinsi ya kuyatamka. Maneno ya hoteli, jalada lilisema, yanapatikana katika kitabu cha pili. Kitabu cha pili hakikuwepo. Basi kila jioni Mwalimu alisimama katikati ya chumba chake akalalamika kwa Kihispania, akanyamaza kidogo kama mtu anayesubiri, halafu akalalamika tena. Mama Donge, akifua nepi upande wa pili, aliishika sentensi moja baada ya nyingine bila kukusudia.

Sasa, shule ile ilikuwa na sheria: kila kipindi kifunguliwe kwa sala, na sala isaliwe kwa lugha ya kipindi. Mwalimu alitumia alichokuwa nacho. Watoto waliinamisha vichwa, wakafumba macho, wakasema pamoja kwa unyenyekevu: Tunaomba chumba chenye dirisha. Taulo imelowa. Maji ya moto hayatoki. Tafadhali, haraka iwezekanavyo. Amina.

Maana waliijua vizuri, na hawakuona tatizo. Bwenini kwao maji ya moto hayakutoka kweli. Asiyejua alikuwa mkuu, ambaye alipita dirishani mara nyingi na kuondoka amebarikiwa.

Kisha ikaja barua. Mfadhili wa shule, padri mzee ambaye Kihispania ndiyo lugha aliyonyonya kwa mama yake, angefika Ijumaa kusali na watoto.

Mwalimu alimkuta Mama Donge kwenye kamba ya nguo. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mdogo wangu, mimi sijawahi kukisema mbele ya mwenyewe. Huenda hata si Kihispania. Padri akicheka, mkuu anafuta somo na mimi pamoja nalo. Ushonaji ameshapewa mwingine. Njoo Ijumaa ukae nyuma, nione uso mmoja ninaoujua."

Ijumaa Mama Donge akaenda, amempakata Donge. Padri aliketi mbele, mikono magotini. Watoto wakainama, wakaanza. Kwenye dirisha padri alifumbua jicho moja. Kwenye taulo akafumbua la pili. Walipofika kwenye maji ya moto alishavaa miwani.

Hakucheka. Alisimama, akatoka. Mkuu akamfuata, walimu wakamfuata mkuu, watoto wakafuata wote, hadi bwenini. Padri akafungua bomba, akaweka kidole, akangoja. Akashika taulo iliyoning'inia kitandani. Ilikuwa imelowa. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akamgeukia Mwalimu, akamsemesha maneno marefu, ya haraka, yaliyoishia kama swali.

Mwalimu akamjibu kwa sentensi iliyomjia: kifungua kinywa ni saa ngapi?

Padri akamshika mikono yote miwili, akacheka mpaka machozi, lakini kicheko cha mtu aliyefurahi. Mkuu naye akacheka, maana hakutaka kuachwa nyuma.

Baada ya wiki tatu lilikuja boksi la taulo arobaini, pamoja na fundi bomba. Mkuu alitangaza mbele ya shule nzima kwamba Kihispania ndilo somo pekee ambalo sala zake hujibiwa kwa mzigo. Mwalimu wa hesabu akaomba ahamie huko. Na barua iliyokuja na boksi ikasema padri angerudi kukaa muhula mzima, azungumze na Mwalimu kila siku.

Saa kumi jioni hiyo, Mwalimu aligonga mlango wa Mama Donge. Cherehani ya Fundi ikanyamaza ghafla.

"Naomba uwe hoteli," alisema Mwalimu.

"Niwe nini?"

"Kusema naweza. Kusikia ndiko sijui. Siku ile bwenini sikuambulia hata neno. Akirudi, atanijua siku ya kwanza." Akatoa kitabu kwapani, kipya. "Hiki kilikuwa chini kabisa ya boksi, katikati ya taulo. Hakina barua. Majibu yote ya hoteli yamo."

"Dada, mimi niliishia shule ya msingi."

"Kinasomeka herufi kwa herufi, kama tunavyosoma sisi. Na maneno ya mgeni unayo. Nimekusikia ukimbembeleza mtoto kwa taulo imelowa."

Mama Donge akatazama chini. Hakujua kwamba ukuta ulipitisha pande zote mbili.

"Wewe kaa kwako na nepi zako," Mwalimu alisema. "Mimi nitasimama kwangu, nitaomba chumba chenye dirisha kama siku zote. Ila safari hii, mdogo wangu, nakuomba, nijibu."