Bendera Iliyotangulia Msibani

Tarishi wa ofisi ile, ambaye wote walimwita Babu Kamba, alikuwa na kazi moja aliyoionea fahari: kupandisha bendera kila asubuhi. Lakini kapi la mlingoti lilikuwa limeshika kutu, na huu ulikuwa mwaka wa tatu bendera ikifika katikati inagoma katakata. Babu Kamba aliandika barua nne kuomba fundi. Meneja hakujibu hata moja, wala hakuwahi kuinua macho kutazama.

Rais mstaafu alipofariki, ikatangazwa siku moja ya maombolezo, bendera zote nusu mlingoti. Asubuhi yake meneja akatoka mbio na suti nyeusi, akaikuta bendera imeshatulia katikati. Akamkumbatia tarishi mbele ya wafanyakazi wote.

"Huyu ndiye mzalendo! Nyinyi wengine mlikuwa bado mnakunywa chai!"



Kesho yake meneja akatazama juu, akafoka, "Mzee, maombolezo si yaliisha jana? Mbona bendera bado iko nusu?"

"Bosi," akajibu Babu Kamba, "hapo naziomboleza barua zangu nne."