Mama Kwenye Dawati la Nyuma

Mwaka ule mama alianza kuzungumza Kiingereza na sufuria. Nilikuwa nikikaa mlangoni mwa jiko letu la mtaa wa Remera, harufu ya maharage na mkaa ikinijaa puani, nikimsikia akiyahimiza maji yachemke, akiusifu mwiko, akikiuliza kitunguu kina miaka mingapi. Mama alilelewa Bujumbura, akasoma kwa Kifaransa, akafundisha kwa Kifaransa tangu kabla sijazaliwa. Nyumbani tuliongea Kiswahili na Kinyarwanda, tukivichanganya bila kujali. Kisha serikali ikaamuru shule zote nchini zihamie Kiingereza, na Kiingereza cha mama kiliishia kwenye salamu. Baba alikuwa ameshafariki, tulibaki wawili tu, kwa hiyo wa kufanya naye mazoezi ni mimi au sufuria, na sufuria ilikuwa na subira zaidi. Nilimcheka hadi mbavu zikaniuma, naye akanicheka, kwa sababu matamshi yangu hayakuwa bora kuliko yake.

Lakini mambo hayakuwa mzaha. Mama alifundisha darasa la pili asubuhi, katika shule ileile niliyosoma mimi darasa la nne alasiri, na walimu walishaambiwa kwamba mkaguzi angepita mwisho wa mwaka: atakayeshindwa kufundisha kwa Kiingereza angenyang'anywa darasa. Mshahara ule ndio uliotulisha, ila nadhani hata kama ungeendelea kuja, mama asingepata usingizi. Darasa la pili lilikuwa lake. Alimjua anayeandika kwa mkono wa kushoto na kuuficha, alimjua anayekunywa uji wa shule kwa pupa kwa kuwa nyumbani hajapata kitu, na Jumapili kanisani watoto wale waliwaacha mama zao wakaja kumshika sketi. Kuna siku nilitamani kuwa mwanafunzi wake kuliko kuwa binti yake.

Basi mama akafanya jambo ambalo hakuna mwalimu wa mtaani kwetu aliyewahi kulifanya. Mwalimu wetu wa alasiri aliitwa Doreen, msichana aliyekulia Uganda, na Kiingereza kilimtoka kama maji ya bomba. Siku moja mama, vumbi la chaki likiwa bado mikononi, aliingia darasani kwetu, akaenda moja kwa moja hadi dawati la nyuma, akajibana kando ya Solange, msichana ambaye hatukuwahi kumsikia akijibu swali. Magoti ya mama yaligonga dawati, akafungua daftari: amekuja kujifunza Kiingereza pamoja nasi. Darasa zima liligeuka. Kwangu ulikuwa msiba: mama mgongoni mwangu kila alasiri, mwaka mzima! Muwa niliouficha mfukoni ulinikaukia palepale.

Tabu ilikuwa moja. Mama akinyoosha mkono, Doreen anageuza macho kwingine. Akinyoosha tena, anaulizwa mwenzake. Akisoma vibaya, Doreen anatabasamu na kumwambia vizuri sana. Angefanyaje? Kwa umri, mama angeweza kumzaa. Kwetu mtu mzima haambiwi mbele ya watoto kwamba amekosea, hata jina lake halitajwi. Mtaa mzima ulimwita Mama Divine, kwa jina langu mimi, na sidhani wenzangu walijua kuwa ana jina jingine. Wiki zikapita na Kiingereza cha mama kikabaki kilekile cha jikoni. Ndipo siku moja baada ya masomo akamsubiri Doreen mlangoni, nami nimemshikia mfuko.

"Mwalimu," mama akasema, "wewe unaniheshimu sana."

"Mama Divine, wewe iko mzazi yangu," Doreen akajibu. "Mimi nitasema aje kwamba wewe imekosea?"

"Sema tu hivyo. Ukiendelea kuniheshimu hivi, mkaguzi atanikuta sijui kitu, nitanyang'anywa watoto wangu. Humu ndani mimi si mama ya mtu. Uniite Espérance."

Doreen akaziba mdomo kwa kiganja. Kesho yake, katikati ya somo, alivuta pumzi na kumwita mama kwa jina lake, asimame ajibu. Mama alisimama wima, mikono nyuma, kama sisi tulivyotakiwa kusimama, akajibu. Doreen akamwambia hapana, amekosea, ajaribu tena. Akakosea tena. Alipopatia hatimaye tulimpigia makofi, na mimi nilipiga ya kupasua viganja. Tangu siku hiyo hakuachwa kando. Alikosea, akasahihishwa, akashukuru, akaketi. Na bila mtu yeyote kupanga, Solange naye akaanza kunyoosha mkono, kisha wengine wote waliokuwa wakijificha migongoni mwa wenzao.

Mkaguzi alikuja, mtu mrefu mwenye miwani, akaketi nyuma ya darasa la pili. Mimi nilikuwa nimewahi shuleni, nikachungulia dirishani. Mama alikuwa akifundisha wanyama wa kufugwa, akafika katikati akakwama. Angeweza kukimbilia Kifaransa, au kuwaambia watoto waimbe ili apate nafasi ya kufikiri. Badala yake aliwaambia kwa Kiingereza kwamba amekosea na ataanza upya, akafuta ubao, akaanza upya. Watoto hawakushtuka hata kidogo. Mkaguzi ndiye aliyeinua kichwa, akaanza kutabasamu. Mama alibaki na darasa lake, akalifundisha hadi alipostaafu.

Siku hizi ninafanya kazi katika ofisi moja Kimihurura, mahali ambapo hakuna mtu asiyejua kitu. Mikutanoni tunatikisa vichwa, tukitoka tunaulizana kwenye ngazi kilichosemwa ni nini. Wanangu wanaongea Kiingereza bila kutoka jasho, na hawajui kwamba kuna aliyetoka jasho kwa ajili yao. Mama anaishi Batsinda. Jumapili iliyopita tulikaa uani tukichambua sombe, majani ya muhogo, nikaona nimwambie nililochelewa kumwambia. Nilimshukuru kwa kunilea na kunisomesha, na zaidi ya yote kwa kunifundisha kutoona haya. Akaacha kuchambua, akanitazama kama mwalimu aliyepewa jibu la ajabu.

"Kutoona haya? Divine, mimi niliona haya kila siku. Kila alasiri tumbo linaniuma, nasimama kwanza nyuma ya choo cha walimu, nalia kidogo, nafuta uso, ndiyo naingia."

Kisha akaendelea na sombe yake. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimsifu moyoni kwa ujasiri niliodhani alizaliwa nao, kumbe aliutafuta upya kila alasiri, peke yake nyuma ya choo, na akiupata anakuja kuketi mgongoni mwangu.