Pasi ya Ijumaa

Leo jirani amewasha pasi ya makaa, na harufu ya nguo mbichi ya pamba ikikauka chini ya chuma imenirudisha nyumbani kwetu, Rodi Kopany.

Dada alikuwa ameitwa kwa usaili katika chuo kipya cha utabibu, Homa Bay. Usaili ulikuwa Jumamosi. Baba, mzee wa kanisa la Wasabato, alisema hakuna mtu wa nyumba yake atakayetafuta masomo siku ya Sabato.

"Baba, kwani Jumamosi watu hawaugui?" nikauliza.

"Huyu mtoto ana mdomo wa wakili," mama alisema, akificha kicheko kwenye leso.

Baba aliinuka akatoka nje. Lakini Ijumaa, kabla jua halijazama, nilimkuta akipiga pasi blauzi nyeupe ya dada, akiinyunyizia maji kwa vidole.

"Kesho siwashi moto," alimwambia dada. "Na gari hatupandi. Tutatembea, nyathina, mwanangu."

Walitoka alfajiri. Dada alipata nafasi. Alitusimulia kwamba baba alikaa nje ya lango akiomba mpaka usaili ulipokwisha. Mimi huhoji kila kitu, lakini sijawahi kumwuliza kama aliomba dada apite, au yeye asamehewe.